Mfereji wa jikoni unavuja, naweza kuubadilisha mwenyewe?

SUALI: Asalam alaykum fundi. Mie niko Wete, mfereji wangu wa jikoni mkongwe unadondoka usiku kucha, ndoo inajaa mpaka asubuhi. Nataka kutia mpya mwenyewe, nitaweza?

JAWABU: Waalaykum salaam dada yangu, utaweza. Ila kwanza funga valvu ya tangi, kisha ufungue mfereji uone washa ya ndani, kile kipete cha mpira, mara nyingi ile mpira ndo imekwisha na mfereji wenyewe mzima, ukibadilisha hiyo tu basi.

Kama umeliwa na kutu kweli, valvu ya tangi ibaki imefungwa, kisha uwache mfereji wazi maji yaliyobaki yamalizike. Sasa hapa nakuomba sana uwe na subira, usiuzungushe kwa nguvu, maana bomba la ukutani likikatika kwa ndani itabidi ukuta uvunjwe na hiyo si kazi ya siku moja tena. Tia mafuta kwenye nyuzi, yaani ile mikunjo ya skrubu mfereji unapoingia kwenye bomba, ngoja kama nusu saa, halafu spana moja ishike bomba lisicheze na ya pili ndo izungushe mfereji.

Dukani nenda na ule wa zamani mkononi, mingi ni nusu inchi lakini ulinganishe. Chukua wa shaba, ile ya plastiki iliyopakwa rangi ya kung'ara haidumu. Safisha nyuzi, zungusha tepu nyeupe ya kuzuia maji mara 8 hivi kufata upande wa kukazia, kaza kwa mkono kwanza, spana umalizie kidogo tu. Valvu ifungue polepole, pitisha tishu kavu kwenye maungio, ikirowa rudia tepu.