Bembea au hema? Majibu kwa wapanda milima wa Nyanda za Juu

Kaka, tuko wanne, tunakwenda Kitulo mwezi wa saba. Bembea ya kulalia ni nyepesi kuliko hema. Tubebe ipi? (Msomaji, Uyole)

Hema. Bembea inataka miti miwili, na Kitulo ni uwanda wa nyasi. Jioni itawakuta mnazunguka na kamba mkononi. Tena uwanda ule uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kama nyuzi 6. Kipupwe cha Mbeya mjini mnakijua, basi huko juu kimezidi. Asubuhi moja kule nilifungua zipu nikakuta kitambaa cha nje kimekakamaa kama bati, sakitu nyeupe juu yake, nikawa naikwangua kwa ukucha. Bebeni hema mbili za watu wawili, mmoja achukue fito, mwenzake kitambaa. Ukijumlisha bembea, turubai, chandarua na kamba, wepesi unaousifia haupo.

Nililala kwenye bembea msitu wa Rungwe, ndani ya begi zuri la kulalia, nikatetemeka hadi alfajiri. Nilikosea wapi? Ndaga fijo, yaani asante sana. (Msomaji, Tukuyu)

Pole sana. Kosa liko mgongoni. Kinachokupa joto ndani ya begi ni hewa iliyonaswa kwenye manyoya yake. Ukilala, uzito wako unaiminya hewa yote ya upande wa chini, begi linabaki jembamba kama shuka, na chini yako upepo unapita. Kuongeza blanketi juu hakusaidii. Tandika godoro jembamba la sponji ndani ya bembea, au, bora zaidi, ning'iniza blanketi la manyoya kwa nje, chini ya bembea, liguse mgongo bila kubanwa. Halafu lala mshazari. Mgongo unanyooka na mabega hayabanwi. Hata kwenye hema usiache godoro, maana ardhi ya mlimani hunyonya joto usiku kucha.

Kamba haziumizi miti? (Msomaji, Mafinga)

Kamba nyembamba hukata gome. Tumia mikanda mipana, funga kwenye mti mzima wenye afya, mianzi iache. Kabla ya kufunga, tazama juu: tawi kavu likianguka usiku hutaamka.

Tunahitaji kibali? (Msomaji, Makambako)

Ndiyo. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Msitu wa Rungwe uko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Ulizeni mapema mahali panaporuhusiwa kulala.

Na wakati wa mvua? (Msomaji, Iringa)

Msituni, kwenye mteremko wenye tope, hapo naichagua bembea kwa moyo wote. Hutafuti mahali tambarare, na maji yanapita chini yako. Funga turubai kwanza, bembea baadaye, na wakati wa kuondoka turubai liwe la mwisho kufunguliwa. Kwenye kila mkanda, karibu na bembea lakini bado chini ya turubai, funga kipande cha uzi kining'inie: maji yanayoteremka kutoka kwenye mti yatafuata uzi huo na kudondoka chini, badala ya kuingia kitandani kwako.