Kabla hujanunua wembe wa 7/8

Wadogo zangu wa wembe wa kukunja, tuongee kidogo, maana kosa ni lilelile na kila kundi jipya linaingia nalo. Mtu hajajua bado kuivuta ngozi kwa mkono wa pili, mkanda wake wa ngozi wa kusugulia makali umejaa mikato kwa sababu anageuza wembe kwa makali badala ya mgongo, lakini ameshaagiza 8/8, yaani wembe wenye upana wa inchi nzima, wenye ncha ya mraba kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Ukimuuliza sababu anakwambia, "Ndevu zangu ngumu, nataka kitu kizito." Baada ya siku chache anakuja na plasta juu ya mdomo. Nawasema kwa kuwa nawapenda, na nimechoka kuona watu wakiacha jambo zuri namna hii kwa sababu walianzia pabaya.

Wembe wa kwanza uwe wa 5/8, ncha ya mviringo, mbavu, yaani pande zake mbili, zilizochongwa kwa ndani. Sasa sababu.

1. Pima mwenyewe. Namba hizi ni upana kwa thumuni za inchi, na thumuni moja ni zaidi kidogo ya milimita 3, kwa hiyo 4/8 ni milimita 12.7, 5/8 ni kama 16, 6/8 ni 19, 7/8 ni 22. Pima kutoka mgongoni hadi kwenye makali, wala usitegemee maneno ya muuzaji, hasa ukinunua wembe mkuukuu wa Solingen (Ujerumani) au Sheffield (Uingereza), miji inayosifika kwa nyembe, ambao umeshapita kwenye mawe ya watu wengi. Kila ukinolewa unapungua. Hilo peke yake si kasoro, kwa sababu mgongo nao hulala kwenye jiwe na kulika pamoja na makali, pembe ikabaki karibu ileile. Kasoro ni pale kisigino, mwisho wa makali ulio karibu na mpini, kinapokupa milimita 19 na ncha 16. Mara nyingi maana yake ni kwamba aliyekutangulia alikuwa anaukandamiza upande mmoja kwenye jiwe, na kuunyoosha ni kazi ya fundi. Mrudishie mwenyewe.

2. Elewa upana unafanya nini na pembe. Tunanyoa kwa takriban digrii 30, na kwa pembe hiyo mgongo huwa mbali na ngozi kwa nusu ya upana wa wembe: milimita 8 kwa 5/8, karibu 13 kwa 8/8. Kwa 4/8 ni 6 na kidogo tu, na hapo ndipo wanapokwama wale wanaokimbilia wembe mdogo wakidhani ndio salama. Mkono ukiteleza ukainua mgongo milimita 2 zaidi, pembe ya 4/8 inaruka digrii 11 hivi, wakati kwenye 8/8 mtelezo huohuo ni digrii 5 tu. Kwa hiyo wanaosema wembe mpana unamsamehe mgeni hawadanganyi. Unamsamehe shavuni.

3. Upana unachaguliwa chini ya pua. Shavuni kila wembe ni mzuri. Twende juu ya mdomo. Unashuka kutoka puani, makali yanatazama chini, kwa hiyo mgongo uko juu, upande wa pua. Wembe wa milimita 22 hauna pa kuingia: mgongo unagota kwenye pua kabla makali hayajafikia nywele za juu kabisa. Mgeni hufanya nini? Huusimamisha ili uingie. Digrii 30 zinakuwa 60, makali yanaacha kukata yanaanza kukwangua, na kona ya ncha iko jirani na tundu la pua.

Hili nalibeba moyoni. Kuna kijana nilikuwa namfundisha, msikivu, mkono mtulivu, kila hatua anauliza kabla hajaigusa. Nilikuwa na wembe wangu wa 7/8, karibu kabari (yaani mbavu zake hazikuchongwa kwa ndani), ncha ya mraba, nilioupenda kuliko nyembe zangu zote. Ukiupitisha shavuni unashuka kwa uzito wake wenyewe, huhitaji kusukuma. Kwa kuwa nilikuwa naufurahia, nikaona nitamfurahisha na yeye, nikamkabidhi awe anajifunzia. Aliugeuzageuza mkononi akasema, "Kaka, huu si mkubwa kwangu?" Nikamjibu, "Utauzoea." Basi. Sikumpima uso, sikumwambia avae tabasamu la kuukaza mdomo wa juu, sikumwonyesha kuwa pua husukumwa juu kwa kidole. Shavu la kulia likaenda vizuri, la kushoto likaenda vizuri, nami nikaridhika kabisa. Alipofika juu ya mdomo nikaona kiwiko chake kinapanda. Nilijua maana yake, na nilichelewa kusema. Kona ilimkata ukingo wa tundu la pua. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, shabu ikazuia damu, lakini aliukunja ule wembe taratibu, akaniwekea mezani, akanishukuru. Hakurudi kwenye wembe wa kukunja tena.

Aliniuliza swali sahihi. Mwanafunzi aliyeona tatizo kabla yangu nilimjibu kwa mapenzi yangu kwa wembe wangu, badala ya kuangalia sura yake. Ndiyo maana nikiulizwa leo "huu si mkubwa kwangu?", siendelei na kitu kingine chochote mpaka nimemwona mtu huyo akiuweka chini ya pua yake, umekunjuliwa nusu, mgongo ndio unaogusa ngozi na makali yanatazama mbali na uso. Kama mgongo peke yake tayari umebanana na pua, jibu ni ndiyo, ni mkubwa.

Ncha ya mraba iachwe kwa wenye mkono. Ya mviringo huacha nywele mbili tatu pembeni, basi.

4. Ndevu ngumu si hoja ya upana. Zinalainishwa na maji ya moto na povu lililokaa dakika 2 au 3 kabla hujagusa wembe. Kinachotofautiana mbele ya ndevu ngumu ni ubavu: kabari haipindi, hupita moja kwa moja, ila ni nzito na inachosha kuinoa kwa sababu chuma kinachogusa jiwe ni kingi. Wembe uliochongwa sana ni mwepesi, ukikata unatoa mlio na unakuambia mapema pembe ikiharibika, lakini ukiukandamiza kwenye kidevu kigumu makali yanapinda. Katikati yake kuna nyembe zilizochongwa nusu, na ndevu nyingi mno zinanyolewa nazo vizuri. Mtu mmoja mwenye ndevu kama waya za kusugulia sufuria alinibishia hili kwa muda mrefu mpaka alipobadilisha sabuni.

5. Wembe mpana hubeba povu jingi kabla ya kuusuuza. Wa 4/8 utausuuza kila mpigo mmoja au miwili. Hilo ni suala la subira.

6. Lini uongeze upana? Ukiweza kunyoa uso mzima mara kadhaa mfululizo bila kujikata, pamoja na kidevu na chini ya taya ambako nywele hugeuka uelekeo, chukua 6/8. Wengi wetu tumebaki hapo. Ukiwa unafuga masharubu au unachonga ukingo wa ndevu, ongeza 4/8 kwa kazi hiyo tu, kwa sababu unaona makali yanapokanyaga. Hiyo 8/8 ikikuita bado, nunua, uifurahie shavuni, na juu ya mdomo urudie 5/8 yako. Hakuna sheria inayosema uso mmoja wembe mmoja.

Na wembe mpya ukifika, muulize muuzaji kama umenolewa tayari kwa kunyolea. Mwingi hutoka kiwandani na makali ya kuonyesha tu. Ukiupeleka usoni hivyo utadhani umekosea upana, utaenda kununua mwingine, na huo nao utakuwa haujanolewa.