Moshi wa udi na asmini kwenye video ya harusi: nilivyojifunza patiko

Video ya mwanzo nilotia patiko (particles, yaani chembe ndogo ndogo za kompyuta zinazofanya moshi, cheche au maua yanayoanguka) ilikuwa ya harusi moja hapa mjini Unguja, nikajaza nyota za dhahabu skrini nzima maana nilikuwa nshaona kwenye YouTube watu wanafanya hivo, nikaipeleka nna furaha. Mama wa bi harusi akaitazama mpaka mwisho halafu akanambia taratibu, "Mwanangu, uso wa mtoto siuoni." Nikarudi nyumbani nikazifuta zote.

Tokea siku ile kabla sijafungua programu nnakwenda kutazama kitu chenyewe. Nilipotaka moshi wa udi nilimuomba bibi atie udi kwenye chetezo, nikazima feni, nikakaa chini nikatazama. Moshi unatoka mwembamba, unapanda umenyooka kidogo tu, halafu unaanza kujikunja na kutanuka huku unafifia mpaka hujui umeishia wapi. Na patiko ndo ivo ivo, kila chembe inazaliwa, inaishi, inakufa, kazi yako wewe ni kuipangia katika huo umri wake itanuke vipi, ififie lini, ielekee wapi.

Mie natumia After Effects, programu ya kutilia madoido kwenye video, na humo humo mna CC Particle World, kifaa cha kutengeneza patiko, hununui kitu chengine. Itie kwenye solidi mpya, yaani leya (tabaka) tupu ya rangi moja inayokaa juu ya video, usiitie juu ya video yenyewe maana video itapotea ubaki na chembe tu. Mwanzo inakurushia vijistari vinaripuka kama fataki na wengi wanabadilisha rangi basi, wanaona kazi imekwisha. Haijakwisha. Anza na Longevity, yaani umri, kabla hujagusa Birth Rate, yaani wingi wa chembe zinazozaliwa, kwa sababu zinazoonekana ni zile zinazozaliwa kila sekunde mara umri wao: tuseme zinazaliwa 40 kwa sekunde na kila moja inaishi sekunde 6, hapo zipo hai 240 kwa pamoja, ukipandisha umri ukawa 12 zishafika 480 na hujagusa kitu chengine, leptop inaanza kunguruma. Kwa moshi tumia picha ya duara laini lenye kingo za kufifia, ionekane kwa asilimia 5 mpaka 10 tu, Gravity, yaani nguvu ya kuvuta chini, iwe chini ya sifuri kidogo ili moshi upande juu. Moja moja hazionekani, zikipandana ndo moshi.

Asmini ni kazi nyengine. Piga picha maua matatu manne tofauti, yakate mandhari ya nyuma, kila ua lipe leya yake na ubadilishe Random Seed, yaani nambari inayoamua chembe zitawanyike vipi, la sivyo yanaanguka kwa mpango mmoja na jicho linajua mara moja. Na upepo uwe mmoja! Kama mtandio wa bi harusi unapepea kulia basi na asmini ziende kulia, kaskazi haivumi pande mbili. Machache ya mbele yawe makubwa, yenye ukungu, yaende kasi, mengi ya nyuma yawe madogo, na kwenye uso wake usipitishe kitu kabisa. Cheche za moto unaweza kuzitia Add, namna ya kuchanganya inayojumlisha mwanga, mwanga juu ya mwanga unazidi kung'ara, lakini asmini ziache kawaida, ukizitia Add zinakuwa taa.

Kitu kilichonisumbua sana ni video kuanza tupu, sekunde mbili hamna ua hata moja halafu yanaanza kumiminika. Dawa yake ni kuirefusha leya na kuivuta irudi nyuma sekunde 5 kabla ya mwanzo, ukibonyeza plei maua yapo njiani tayari.

Asiye na After Effects achukue DaVinci Resolve ya bure, ndani yake mna Fusion, sehemu ya madoido, unaunganisha pEmitter (inayozaa chembe) na pRender (inayozichora), umri na upepo ni ule ule.

Na kwenye kurenda, yaani kompyuta kuitoa kazi iliyokamilika, patiko ni nzito, usitoe faili moja la video moja kwa moja. Toa picha za PNG fremu kwa fremu, kwa sababu umeme ukikatika usiku faili la video linaharibika lote, lakini picha zilokwisha kutoka zinabaki. Mie umenikatikia kwenye fremu ya 412, uliporudi nikaifuta ile ya mwisho, nikaendelea na 412 hiyo hiyo, asubuhi kazi ikenda kwa wenyewe.