Maneno Yale Yalikuwa ya Yusufu Mwenyewe

Swali lenu la wiki hii linauliza kama Mkristo anaweza kuendelea kuamini kwamba Mungu ana kusudi naye hata anapoandamwa na magumu ya maisha. Mimi naamini, na ninaandika hivyo nikiwa mama aliyemzika kifungua mimba wake miaka sita iliyopita, kijana wa miaka 19, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki. Lakini kuna jambo kuhusu imani hii ambalo sikulijua kabla ya msiba, nalo ndilo ninaloomba nafasi ya kulieleza.

Siku za matanga watu walijaa uani chini ya turubai, na karibu kila aliyenishika mkono aliniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Wengine walisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Waliyasema kwa upendo, na wengi wao walikesha nami, kwa hiyo siwalaumu. Hata hivyo, kila nilipoyasikia maneno hayo nilihisi kama ninatakiwa nikiri mbele ya watu kwamba kifo cha mwanangu kilikuwa jambo jema. Sikuweza, na nikadhani imani yangu imezikwa pamoja naye.

Miezi kadhaa baadaye nilirudia kuzisoma habari za Yusufu, polepole, nikihesabu miaka. Alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, kabla ndugu zake hawajamuuza kwa vipande 20 vya fedha, na alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Kisha ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo akajitambulisha kwao. Ni kama miaka 22 tangu alipotupwa shimoni hadi siku alipoweza kusema kwamba ni Mungu aliyempeleka Misri ili kuhifadhi maisha ya watu. Na aliyeyasema hayo ni Yusufu mwenyewe, akiwaambia wale waliomuuza. Alipokuwa mtumwa katika nyumba ya Potifa, na baadaye gerezani, hatusomi kwamba alikuja malaika au nabii kumweleza sababu ya mateso yake. Sura ya 39 ya kitabu cha Mwanzo inasema jambo moja na kulirudia: Bwana alikuwa pamoja naye. Hebu fikirini yule mkuu wa wanyweshaji wa Farao, aliyefungwa pamoja naye, siku anayofunguliwa, angegeuka mlangoni na kumwambia Yusufu avumilie kwa kuwa yote hayo yana kusudi, kisha akaenda zake na kumsahau kwa miaka miwili. Maneno yangekuwa ya kweli, na bado yangekuwa ukatili.

Nikaona kwamba hata yale ya Bwana alitoa na Bwana ametwaa yalitoka kinywani mwa Ayubu, baba aliyepoteza watoto 10, wala si kwa waliokuja kumfariji. Rafiki zake watatu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hadi hapo walifanya vema. Hasira ya Mungu iliwaka juu yao kwa yale waliyoyasema baadaye.

Hapa kwetu Mombasa, ng'ambo ya kisiwa upande wa Nyali, liko kaburi la Rosine Krapf. Mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu hichohicho cha Mwanzo kwa Kiswahili Juni 1844, na mwezi uliofuata akafiwa na mkewe na kitoto chao kichanga cha kike, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile liwe ishara kuwa kazi imeanza. Nimesimama pale mara mbili, na kinachonigusa ni kwamba barua ile ilitoka kwa mfiwa kwenda Ulaya. Haikutoka Ulaya kuja kwa mfiwa.

Kusudi la Mungu katika kifo cha mwanangu bado sijaliona, na sipendi mtu anikisie. Ninaloweza kulishuhudia ni lile la sura ya 39. Watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja ninayeabudu naye alikuja kila asubuhi kwa majuma matatu, akavua viatu mlangoni, akaosha vyombo, akachagua mchele, akaenda zake. Asubuhi moja nilimkuta ameketi uani na njumu za mwanangu mapajani, akiyasugua matope ya uwanjani kwa mswaki mkuukuu, taratibu, hadi kwenye mishono; kisha akazilegeza kamba na kuzianika juani, kana kwamba mwenyewe angezihitaji jioni ile. Hakuniambia neno lolote kuhusu Mungu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, niliomba.