Majanga yakijirudia, sherehe za jadi zinapona kweli?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naonaga kwenye taarifa watu wamepigwa na tetemeko, hawajakaa sawa mafuriko hayo, na bado wanang'ang'ania sherehe yao ya jadi. Si bora hiyo hela ijenge nyumba? Wakiiahirisha miaka miwili mitatu si itarudi tu?

JIBU: Ndugu yangu, kuhusu hela uko sahihi kuuliza. Hata New Orleans, Marekani, walibishana hivyohivyo baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, mwisho Februari 2006 wakafanya Mardi Gras, sherehe yao ya jadi ya maandamano mitaani, kwa siku chache kuliko kawaida. Ila hapo kwenye "itarudi tu" ndo sikubaliani na wewe.

Janga moja watu huwa wanalivuka, tena saa nyingine linawaunganisha, tatizo ni likija la pili kabla la kwanza halijaisha. Angalia rasi ya Noto kule Japani, tarehe 1 Januari 2024 tetemeko kubwa, Septemba mwaka huohuo mafuriko, na maji yakaingia mpaka kwenye nyumba za muda walizojengewa wahanga. Sasa hawa wana sherehe za kubeba kiriko, ni mataa makubwa ya mbao na karatasi, mengine yanapita urefu wa nyumba, na yanabebwa mabegani na kundi zima la watu. Vijana walikuwa wametawanyika mijini, wazee wako kwenye nyumba za muda, angebeba nani? Sehemu nyingi hawakufanya mwaka huo, lakini watu wa mji wa Ushitsu, hukohuko Noto, walifanya ya kwao Julai 2024, kabla mafuriko hayajaja, na mi naona walifanya la maana sana.

Kwa sababu namna ya kufunga kamba za hayo mataa, nani aanzishe wimbo, mkifika kwenye kona nani avute na nani alegeze, hayo mara nyingi hayajaandikwa popote, mtoto anayachukua kwa kusimama pale na kuangalia. Ikipita miaka mitatu mfululizo bila sherehe, yule wa miaka kumi anafika kumi na tatu hajawahi kushika kamba, na mzee aliyekuwa amfundishe huenda keshafariki.

Kwa hiyo ifanyike hata ndogo, taa moja badala ya kumi, hela nyingi iende kwenye nyumba, ila watoto wawepo. Na wanaogawa hizo nyumba za muda nawaomba sana majirani wawaweke pamoja, maana kundi la sherehe ni watu wa mtaa uleule, ukishawatupa kila mtu upande wake mazoezi watafanyia wapi na nani?