Maswali ya Wasomaji: Kitabu Kimoja cha Kujazia Risasi Kinatosha?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi niko Houston, Texas, na msimu uliopita jamaa wa kazini walinipeleka kuwinda kulungu nikanogewa kabisa. Bunduki yangu ni .308, risasi za dukani zinanimaliza mfuko. Sasa jirani yangu, mzee wa Kimarekani, kanipa mashine yake ya kujazia risasi, yaani kutia upya fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kwenye maganda yaliyokwishapigwa, na kitabu kimoja cha vipimo cha 1967, karatasi zishakuwa njano, anasema hicho kinatosha. Kweli? Au niangalie tu vipimo intaneti? – Mwindaji mpya

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mzee mshukuru sana, mashine si zawadi ndogo. Lakini kitabu kimoja hakitoshi, na hicho cha 1967 usikipimie hata chembe ya baruti.

Ntakwambia kwa nini. Zamani walikuwa wanapima presha kwa kipande kidogo cha shaba, risasi ikilipuka kinabonyea, wanaangalia kimefupika kiasi gani, ndo maana vitabu vya zamani utakuta CUP. Siku hizi wanapima kwa sensa ya umeme, inaandikwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na usijaribu kugeuza hii kuwa ile kwa kikokotoo, haigeuziki hivo. Kikomo cha .308 kwa SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi Marekani kilichoanza 1926, ni psi 62,000, hiyo inalipuka sentimita chache tu mbele ya shavu lako mwanangu.

Anza na kitabu cha Lyman, toleo la 50 la 2016 au la baada yake. Kinafaa kwa sababu kina vichwa vya risasi vya kampuni tofauti tofauti na sura za mwanzo zinakufundisha kazi hatua kwa hatua, zisome zote kabla hujagusa baruti. Cha pili kinategemea vichwa unavyonunua: ukinunua vya Hornady chukua kitabu cha Hornady, ukinunua vya Sierra vivo hivo. Tatu ni vipimo vya mwenye baruti mwenyewe, Hodgdon kwa mfano wanaviweka bure intaneti. Kwa hiyo intaneti ndiyo, ila kwa mwenye kiwanda, sio kwa mtu usiyemjua kaandika "mi natumia hiki na sijapata shida".

Sasa utavifungua vyote vitatu mezani na utakuta kikomo cha kitabu hiki si cha kile, kichwa uzito ule ule, baruti ile ile. Usidhani mmoja kakosea. Angalia juu ya ukurasa: wametumia bunduki gani, mtutu inchi ngapi, ganda la nani, fataki gani, risasi nzima ina urefu gani. Kila kimoja hapo kinasogeza presha, hata umbo la kichwa, kinavyoshika kuta za mtutu. We anza na kipimo cha chini kuliko vyote, panda kidogo kidogo huku unakagua maganda.

Na sisi tuliosoma kwa gramu tuwe makini sana hapa: "gr" kwenye hivi vitabu ni greni, sio gramu. Greni 7,000 ndo pauni moja, yaani greni moja ni kama gramu 0.065. Majina ya baruti nayo ni mtego. Usiku mmoja nilikuwa nishafungua kopo, nikarudi kufuata mstari kwa kidole, kitabu kinasema IMR 4895 na mkononi nina H4895. Namba moja, baruti mbili, kila moja na mstari wake. Toka siku ile mezani kwangu linakaa kopo moja tu, mengine kabatini.

Kitabu cha nne utakiandika mwenyewe, daftari la kawaida tu: tarehe, baruti na namba ya toleo iliyo kwenye kopo, fataki, ganda, urefu, na joto la siku hiyo, maana kipimo kilichotulia Januari kinaweza kupandisha presha Agosti ya Texas. Cha mzee kiweke kwa kusoma jioni.

SWALI: Babu yangu Tabora alikuwa na gobole. Nimenunua la kisasa huku, naweza kulitilia baruti ya bunduki ya kawaida?

JIBU: Hapana, usithubutu! Babu alikuwa anatumia baruti nyeusi, ile inapimwa kwa ujazo, ndo maana kikombe kidogo kilimtosha. Hii nyingine ni baruti isiyo na moshi, ukoo wa ile aliyoitengeneza Paul Vieille Ufaransa 1884, kikombe kile kile cha hiyo kinaweza kulipasua gobole mikononi mwako. Lyman wana kitabu cha baruti nyeusi peke yake, nunua hicho, na soma maandishi ya mtengenezaji kwenye mtutu wa hilo gobole lako kabla hujatia chochote.