Ngumi haikuwa yangu, deni likawa langu

Wiki jana msomaji wa Kolwezi, mwenye depo ya vinywaji, aliniandikia: "Mama, mfanyakazi wangu anadaiwa kumpiga mteja. Nikimfukuza leo, kesi itaniacha?" Nilicheka, kisha kicheko kikakauka. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Nganda yangu, yaani baa, iko hapa Lubumbashi, Kongo, katika mtaa unaoitwa komini ya Kenya. Usiku ule Mazembe, timu yetu ya mpira, walikuwa wamecheza, watu wamejaa hadi barabarani, nami niko Likasi kwenye matanga. Kijana wa mlangoni akagombana na mteja juu ya bili. Mteja anasema alipigwa ngumi. Kijana anasema mtu alijikwaa kwenye kreti. Ukweli sijaujua mpaka leo. Nyuzi juu ya jicho nilizihesabu mwenyewe: tano.

Asubuhi nikamfukuza kijana mbele ya watu, nikajiona mwanamke wa haki. Mteja wala hakujali. "Miye siyue uyu mutoto," akaniambia. "Niko nayua weye, mwenye jina ku mulango."

Akanishtaki. Avoka, wakili wangu, akanisomea kifungu cha 260 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai ya Kongo, dekreti ya 1888: mwajiri anajibu madhara ya mtu wake akiwa katika kazi aliyompa. Mzazi anaweza kujinasua akithibitisha kwamba hakuwa na namna ya kuzuia. Patron, yaani mwajiri, hana mlango huo. 1888! Mji wenyewe ulianza 1910. Deni lilikuwa linanisubiri.

Nikashikilia neno "kazi". Kupiga watu sikumtuma! Ndipo mahakamani akaitwa kijana niliyemfukuza. Akasema polepole, bila kunitazama: "Mama alitwambia kila magaribi, mutu asitoke bila kulipa."

Ni kweli. Nilisema hivyo huku nikigonga meza.

Nikalipa hospitali, siku alizokosa kazi, na gharama za kesi. Sheria inaniruhusu kumdai kijana, lakini kwa mshahara gani, ule niliomkatia? Mtaani wakaniita Mama Ngumi, hata wale niliowakopesha bia mwezi mzima. Inauma bado.

Basi kaka wa Kolwezi, usimfukuze kwa hasira. Kesho anaweza kuwa shahidi wa yule anayekushtaki. Nenda kwa mgonjwa leo hii, lipa dawa, chukua resi, yaani risiti. Usiweke sahihi mahali popote kabla ya avoka. Na usiseme "sikuwepo", mimi nililisema mara kumi na halikunisaidia hata mara moja. Sisi wenye biashara tunapenda vijana wakali mlangoni, ukali wao ukitupatia pesa tunauita uaminifu. Chunga kinywa chako, kaka, maana wanakusikiliza kuliko unavyodhani.

Mimi sasa nasema hivi: asiyelipa, andika jina lake, mwache aende. Juzi mmoja aliondoka na deni la bia nne za Simba. Nimefungua daftari: Ronaldo, wa Katuba.